Kabla Sanduku la Anouar Halijazimika

Buyenzi, Avenue ya 14,
Bujumbura.
Jumatano, 12 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Anouar,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo huko Sherbrooke? Baridi haijakumaliza? Kifua chako kilikuwa kinakusumbua hata hapa kwenye joto letu, sasa huko kwenye barafu sijui unakibembeleza vipi. Unalala vizuri? Unakula chakula kinachoshibisha au umeshakuwa mtu wa mikate na jibini? Na wifi yangu Ingrid, mzima?

Sisi huku ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mama magoti yanamuuma kila mvua inaponyesha, na mwaka huu inanyesha kweli. Shemeji yako Djibril yuko gereji kama kawaida, anarudi na grisi mpaka masikioni. Mimi bado nashona. Cherehani inazunguka umeme ukiwepo, usipokuwepo nakaa nayo tunatazamana.

Najua umeshangaa kuuona mwandiko wangu. Tangu ubadilishe namba hatuna pa kukupata. Yaliyosemwa kwenye simu siku ile ya habari ya ndoa yako sitayarudia hapa, aliyeyasema anayajua na aliyeyasikia anayajua. Barua ya ndugu ingetakiwa iwe na salamu ndefu kuliko hizi, lakini sina subira hiyo, nisamehe. Anouar, seva yako inakufa, na sauti ya Houda wangu imo ndani.

Unakumbuka ulipotuletea hilo sanduku la seva, ukaliweka rafuni karibu na televisheni, ukatuambia kila simu ya nyumba hii ikiingia chini ya bati itakuwa inamimina picha zake humo yenyewe? Tulikucheka. Mama akaliita sanduku la Anouar, na ndilo jina lake mpaka leo. Halafu Mungu akamchukua Houda kwa ile homa, na majuma machache baadaye simu yangu ikaibiwa sokoni Jabe, pochi imechanwa kwa wembe na mimi nachagua nyanya. Video zote za mwanangu zilikuwa kwenye simu ile. Watu walikuja kunipa pole, nikawaambia sina haja ya pole, mwanangu yumo kwenye sanduku la mjomba wake.

Na kweli alikuwemo. Kila nilipozidiwa nilikuwa nawasha televisheni, namwona amesimama uani na sinia la plastiki kichwani, anawaigiza wauza vipuri wa mtaa wetu: "Filtre! Plaquette! Amortisseur ya Probox, patron, bei ya asubui!" Halafu anajicheka mwenyewe kabla hajamaliza, na sinia linaanguka. Unaijua ile video, ulikuwa unaomba tuiwashe kila Idi ulipokuwa hapa. Sauti yake iliyobaki duniani ni hiyo na nyingine chache, na zote zimo humo. Kwingine hakuna. Nimetafuta kwa mashangazi, nimetafuta madrasa, nimetafuta hata kwa yule mpiga picha wa harusi ya Assia.

Sasa nikueleze kilichotokea. Unamjua Mama na Ijumaa zake. Tangu lile soko kuu la mjini liungue, hakuna siku ametoka nyumbani akaacha umeme unatembea ndani ya kuta. Ijumaa, sote tukishavaa kwenda msikitini, yeye ndiye wa mwisho kutoka. Anakwenda kwenye ile disjoncteur, swichi kuu karibu na mlango, anasema Bismillah, anaishusha taratibu kwa mkono wa kulia, nyumba nzima inazimika. Tukirudi anaipandisha. Ulipokuwa hapa ulikuwa unalizima sanduku lako kwanza wewe mwenyewe, sisi tulidhani ni mbwembwe zako. Ulipoondoka hakuna aliyelizima.

Ulituachia na ile betri ya akiba, ili umeme ukikatika sanduku lipate muda wa kujifunga lenyewe. Ilichoka zamani. Djibril akaitoa, akafunga betri ya pikipiki kwa nyaya za nje, akasimama pembeni akijipigia makofi. Nadhani betri ile iliweza kuliweka sanduku macho kwa muda wa kupiga chafya. Kwa hiyo kila Ijumaa ya Mungu, Mama alikuwa analikata sanduku shingo huku akilitajia jina la Mola.

Ijumaa moja mwezi uliopita tulirudi, Mama akapandisha umeme, sanduku likaamka na mlio. Mlio mmoja, unakatika, unarudi, na taa nyekundu mbele. Nikafungua televisheni kumtafuta Houda. Hakuna kitu. Folda zote hazipo, kuna maandishi ya Kifaransa tu kwamba mwenye mashine aingie kwa neno lake la siri. Nilikaa chini sakafuni na mtandio wa msikiti bado kichwani.

Djibril alipofika akalitazama kama anavyotazama gari lililosukumwa mpaka mlangoni kwake. "Mke wangu Sijaona, mashine yote ni moja," akaniambia. "Ikichoka unazimisha, unapuliza vumbi, unawasha." Na kweli akaja na mpira wa kompresa kutoka gereji, ule wa kujazia upepo matairi ya lori! Nikasimama mbele ya rafu nikamwambia akitaka kupuliza aanze na kichwa changu. Tuligombana siku hiyo mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna msiba.

Tukamwita Rénovat, yule fundi wa kompyuta wa Jabe. Si mtu wa haraka, na si mtu wa kukupa moyo pia. Aliinama pale muda mrefu, akachomeka kompyuta yake, akapiga simu kwa mwenzake, akarudi kuinama. Mara ya kwanza alisema hajui. Mara ya pili akasema, "Maman, iko disque mbili ndani. Moja imeshakufa. Ya pili iko inachoka, na vitu vimeandikwa nusu nusu. Bila neno ya siri ya mwenye nayo, mi siwezi kuingia nione, siwezi kukopia." Halafu akauliza, na Mama ameketi palepale na tasbihi yake, "Nani iko anakata courant?"

Mama akajibu bila wasiwasi, "Ni mi njo nakata. Kila Ijumaa. Iko mubaya gani?"

"Iko mubaya, maman. Hii mashine iko inaandika saa yote. Ukikata gafula, ni kama kunyanganya mutu kalamu katikati ya jina."

Mama akaishusha tasbihi mapajani. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Lakini mi nilikuwa naanza na Bismillah."

Rénovat ni Mkristo. Alifuta mikono yake kwenye suruali, akakusanya nyaya zake. Mimi sikumtetea Mama, nakuambia kama ilivyo. Nilimkasirikia. Kwa siku kadhaa nilimpa chakula na chai na adabu zote, lakini macho yangu sikumpa. Na yeye hakuomba. Aliacha kukaa chumba cha televisheni, akawa anapitia mlango wa uani.

Neno la siri nimelitafuta, mdogo wangu, nisikudanganye. Nimejaribu tarehe yako ya kuzaliwa, jina la baba, jina la timu yako, jina la yule paka aliyekufa kwenye injini ya teksi. Nimejaribu hata jina la Ingrid, kwa haya. Rénovat akanizuia, akasema ukikosea mara nyingi mashine inakufungia nje kabisa. Tangu hapo nimeogopa hata kuigusa rafu yake. Namba yako ya zamani nimeipiga mpaka yule mwanamke wa kwenye mtambo tumekuwa kama ndugu.

Aliyeleta njia ni Mama. Asubuhi moja alitoka chumbani amevaa khanga zake za kutokea, akasema tunakwenda Musaga, kwa wakwe zako, nyumbani kwa kina Ingrid. Nilidhani homa imempanda kichwani. Mama, aliyesema hatakanyaga uwanja ule! Na siku hizi essence haipatikani vituo vya mafuta, magari ya kwenda kusini ni ya kuyangoja mpaka uchoke. Hakungoja. Alishika njia kwa miguu na magoti yake yale, mkononi sukari na sambusa alizokaanga mwenyewe, kwa sababu kwa wakwe huendi mikono mitupu hata kama mmenuniana.

Mama Médiatrice alifungua mlango, akatutazama, akasema, "Murakaza neza. Ingieni mukae. Mi nilijua siku moja mutakuja, ila sikujua ni leo." Akatuwekea Fanta. Unajua desturi, huwezi kuanza na shida yako kabla hujanywa, kwa hiyo tulikunywa, tukauliza habari za mvua, za shamba, za watoto. Mimi ndani nilikuwa naungua. Mama macho yake yalikuwa kwenye kabati, kwenye picha yako ya fremu, wewe umevaa koti zito na mikononi mwako kuna kichanga.

"Huyu mutoto ni wa nani?" Mama akauliza.

"Ni wako, mama," Médiatrice akamjibu. "Njo mujukuu wako. Anaitwa Houda."

Anouar, nilikasirika kwanza. Nani alikupa ruhusa ya kulichukua jina la mwanangu ukalipeleka kwenye barafu bila hata kuniambia? Kisha nikaanza kulia na sikuweza kunyamaza. Médiatrice akahama kiti chake akaja kukaa na mimi, mwanamke ambaye hatukwenda kumposea binti yake kwa heshima. Mama hakulia. Aliomba apewe ile picha mkononi, akaishika mpaka tulipoaga.

Tukampigia Ingrid palepale, kwa simu ya mama yake. Wifi yangu ana adabu, sikuijua. Nikamwomba namba yako. Akasema, "Dada, numero alinikatalia nisipatie mutu. Barua hakukatalia. Kaka yangu Callixte anakuja huku kusoma, mumupatie. Lakini mambo yenyewe muandike nyinyi. Mi nikileta neno ya Buyenzi, atasema nimetumwa." Sikumlaumu. Hiyo ndiyo sababu unasoma karatasi na si kusikia kilio changu. Callixte anaondoka Jumapili, in shaa Allah.

Hapa naiacha barua, umeme umerudi na nina nguo ya watu ya kumaliza.

Ijumaa, baada ya swala

Nimerudi, na mambo yamebadilika. Juma hili umeme umekuwa unakuja na kwenda bila kupiga hodi, mara kadhaa kwa siku. Jenereta ya jirani iko kimya, mafuta hana. Na ile betri ya pikipiki ya Djibril imevimba kama maandazi, imeanza kutoa harufu. Kila taa ilipofifia nilikuwa naruka kutoka kwenye cherehani kwenda kulitazama sanduku, kana kwamba kulitazama kungelishika lisife. Sikula jana. Nimejichoma sindano.

Leo asubuhi nikamwita tena Rénovat. Akaitazama betri, akaiondoa haraka akaitoa nje, halafu akasema hakuna tena kungoja, umeme ukikatika hivihivi ile disque ya pili itakwenda na hakuna wa kuirudisha. Tulizime wenyewe, kwa utaratibu, wakati umeme bado upo. Nikamuuliza, je, litawaka tena? Akakuna shingo. "Sijui, maman. Hii disque imezunguka miaka bila kupoa vizuri. Ikisimama, inaweza kukatala. Ao itaamuka mara moja tu. Ile mara moja, mwenye neno ya siri awe tayari, tukopie palepale. Lakini ikizimwa muzuri, haina araka. Inaweza kungoja."

Unaelewa walichoniomba? Nichague kama mwanangu akatwe ghafla au nimnyamazishe mimi kwa mkono wangu bila kujua kama atasema tena. Nilikwenda uani nikakaa kwenye ngazi. Djibril akanifuata, hakusema habari ya injini wala moteri, aliketi tu na mikono yake michafu magotini. Nikamwuliza, "We unasemaje?" Akasema, "Mi naogopa. Lakini zima."

Nilirudi ndani nikamkuta Mama amesimama kwenye disjoncteur. Moyo ulinipasuka, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na saa ilikuwa ileile. Alikuwa ameishika kwa juu kwa mikono miwili, ameikaza, khanga imemteleza begani. Akasema, "Fanya yako, mwanangu. Hapa hapagusi mutu mpaka useme wewe."

Nikabonyeza kitufe cha mbele kama Rénovat alivyonielekeza, nikashika mpaka likalia mara moja, nikaachia. Halafu usiguse kitu, ndivyo alivyosema. Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Ndani kulikuwa kunaguruma, kunakwaruza, kunanyamaza, kunaanza tena. Nilidhani limekwama. Nilisoma Ayatul Kursi, nikapotea katikati, nikaanza upya. Rénovat akasema tuache liandike mpaka limalize. Mama alikuwa bado ameshika swichi na magoti yanamcheza, Djibril akamletea kiti, akakataa. Umeme ulififia mara moja, ukarudi. Mwisho taa ikasimama, ikazimika yenyewe, na ile sauti ambayo imekuwa nyumbani kwetu tangu siku uliyolileta ikaisha. Ndipo tukachomoa waya.

Nyumba ni kimya, Anouar. Sikujua kwamba nilikuwa nalala na kuamka na ile sauti. Nimelifunga sanduku kwa kitambaa cha kitenge, nikaliweka kabatini kwangu, juu, mbali na unyevu na mbali na mikono ya shemeji yako. Sijui kama mwanangu yumo bado au kama nimefunga chuma kitupu. Hilo ndilo linalonila. Ninaogopa, na sina wa kumwambia kwa sababu humu ndani kila mtu anaogopa.

Baada ya swala Mama ameniita. Amesema simu ndiyo iliyoibomoa nyumba hii na simu haitaijenga. Amesema nikuandikie kwa maneno yake haya haya: kwamba alikosea kwa Ingrid, na kwamba anaomba amwone mjukuu wake kabla macho yake hayajaisha. Halafu akanishika mkono, tukalia wote wawili. Ndiyo mara ya kwanza tangu tumzike Houda kwamba tumelia pamoja na si kila mtu chumbani kwake.

Nilipoanza barua hii Jumatano nilitaka kitu kimoja, uniandikie lile neno la siri na maelezo ya kuliwasha. Bado nalitaka kama mwenye kiu. Ungemwambia Ingrid anitumie leo, ningemburuta Rénovat kutoka kitandani kwake. Lakini litaamka mara moja tu, pengine. Sitaki liamke na mimi peke yangu nimesimama hapo na fundi wa kuajiriwa, Mama amejificha uani kwa aibu, na wewe uko mbali hujui kama tumempata au tumempoteza. Kama yumo, tumsikie sote. Kama hayumo, mtu wa kunishika nataka awe wewe. Wewe na baba yake ndio mliombeba mpaka kaburini.

Djibril anakusalimu sana, anasema kuna gari lako la zamani halijauzwa, bado analipigania. Assia anakusalimu na mumewe Chabani. Mama Médiatrice anakusalimu, na ametuletea ndizi jana, fikiria. Rénovat naye anakusalimu, ingawa hata hakujui. Nisalimie Ingrid, mwambie wifi yake anamwomba radhi na atamwomba tena uso kwa uso. Mbusu mtoto kwa ajili yangu mara nyingi usizoweza kuhesabu. Mwenyezi Mungu akulinde na baridi ya nje na ya moyoni, akufungulie njia, akupe nauli na ruhusa ya kazini.

Lile neno la siri usinitumie, mdogo wangu. Njoo nalo. Na umlete Houda, aje amsikie somo yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinyamaza,
Sijaona